Ketura, Mchinja Mamba wa Hamukungu

Mamba anayesemwa hapa siye yule mwenye magamba anayelala mchangani na kula watu. Huyo ni mwingine. Mamba wa Ketura ni samaki, mrefu kuliko mkono wa mwanaume mzima, ana mwili wa nyoka na uso wa mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Kwingine wanamwita kamongo. Ana mapafu. Kila baada ya muda hupanda juu, hutoa pua, huvuta hewa kama binadamu, kisha huzama tena. Akinaswa na wavu chini asiweze kupanda, anakufa maji. Samaki, na anakufa maji! Lakini mtoe nchi kavu, pale samaki wengine wanapokata roho upesi, yeye atakaa nusu siku nzima akikutazama tu, anangoja usogeze kidole.

Ketura alisogeza kidole mara mbili. Ya kwanza alipoteza kidole kizima cha mkono wa kushoto. Ya pili alipoteza nusu ya kingine, na mara hiyo mamba alikuwa ameshakatwa, kimebaki kichwa peke yake kwenye ubao. Kichwa bila mwili kikamuuma. Tangu siku ile hakumwamini mamba mpaka awe amekauka kwenye tanuri.

Alizaliwa Kyondo, juu kwenye vilima, kwa watu wa kahawa na mihogo, watu ambao maji mengi waliyoyajua ni yale ya mvua inayobomoa njia. Aliletwa chini Hamukungu, ukingoni mwa Ziwa George, na mume wake, Erisa, mvuvi, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Waliishi miaka kumi na moja. Asubuhi moja kiboko alitokea chini ya mtumbwi wa Erisa, akaukata mtumbwi, akamkata na Erisa pia. Walimzika vipande viwili katika jeneza moja. Matanga yalipokwisha, shemeji zake Ketura walikuja kuuliza nyavu ziko wapi. Wakachukua nyavu. Wakachukua kasia. Rungu la kuulia samaki hawakuliona, kwa sababu Ketura alikuwa amelikalia.

Kwa hiyo akawa na rungu, na hakuwa na kitu kingine. Ngege, yule samaki mpana anayependwa na kila mtu, alikuwa na wenyewe: wenye mitumbwi na magari yenye barafu. Mamba hakuwa na mtu wa kumchinja. Wanaume walimwogopa meno, wanawake walimwogopa kwa miiko. Ketura akasema, basi huyo ndiye wangu. Akawa anawanunua wakiwa hai, anawafunga kamba kwenye mti uliosimikwa majini ukingoni, waendelee kupumua mpaka siku yao. Siku ikifika, anavuta kamba, anaweka goti juu ya shingo, anapiga kati ya macho. Moja. Mbili. Ya tatu ni ya kuhakikisha. Damu inamrukia mpaka kwenye meno. Halafu anawapaka majivu ya tanuri kutoa ule ute mzito, anawakwangua, anawapasua, anawaweka juu ya moshi. Maji ya majivu yaliyobaki anayamwaga ziwani jioni, mahali pale pale, chini ya mti wake. Kila mtu mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, alimwona akifanya hivyo, na hakuna aliyemwona kweli.

Jumanne na Ijumaa alipeleka mzigo soko la Bwera, mpakani, ambako watu wa Kongo wanamla mamba mpaka wanalamba vidole. Mnunuzi wake alikuwa Siraj, mwenye pikapu, mtu wa swala tano na mizaha kumi.

"Mama Mamba! Leo mamba beko ngapi?"

"Beko tisa. Na wewe uko na vidole kumi. Ukishika vibaya, mutakuwa sawa."

"Hii ya mwisho iko inaniangalia."

"Imekufa tangu Jumatano, Siraj."

"Mutu akifa tangu Jumatano ataniangalia hivi?"

Pale mwaloni, mtu mmoja hakucheka kamwe na habari za mamba. Huyo ni Nabukenya, Muganda wa kutoka Masaka, aliyemfuata mvuvi mpaka Hamukungu, mvuvi akaondoka, yeye akabaki na kibanda cha chai. Nabukenya ni wa ukoo wa Mamba. Kwa ukoo wake samaki yule haliwi, haguswi kwa ubaya. Ni wa nyumbani. Na kibanda chake kilitazamana na ubao wa Ketura. Fikiria: kila wiki unakaanga chapati huku mbele ya macho yako jirani anampasua ndugu yako kichwa.

"Nyabo," alikuwa akisema, kwa heshima ya Kiganda, amegeuza uso, "huyo ni ndugu yangu."

"Basi mwambie ndugu yako aache kuniuma."

Miaka sita walisalimiana hivyo.

Sasa, mwaka uliotangulia, kwenye mwalo mwingine, watu wawili walimwaga dawa ya kupulizia mimea ili wavue samaki bila kutoka jasho. Askari wa ziwa walikuja. Hawakuuliza ni nani. Walilaza wanaume wote mchangani, wakawachapa mpaka fimbo zikaisha, wakachoma mitumbwi yote, wakafunga uvuvi miezi miwili. Moshi wa mitumbwi ile ulionekana Hamukungu. Tangu hapo, mwaloni samaki mmoja akielea tumbo juu, watu huangalia barabarani kwanza kabla ya kumwangalia samaki.

Alhamisi ile jioni Ketura alikuwa na mamba watatu wakubwa kwenye kamba, wanangoja Bwera. Alimwaga maji yake ya majivu kama kawaida. Upepo ulikuwa umeanza. Nabukenya, aliyekuwa akikusanya vikombe, alimwona ameinama na beseni la kijivu, halafu mvua ikawafukuza wote wawili.

Haikuwa mvua ya adabu. Ilishuka kutoka milimani na upepo wa kung'oa mabati. Bati moja la kanisa lilikutwa limekwama kwenye pembe ya ng'ombe. Na Ziwa George halina kina. Upondo wa mtumbwi unagusa matope karibu kila mahali. Upepo ulilivuruga ziwa mpaka chini, kama mtu anayekoroga uji kwa hasira, matope yote ya miaka, yenye uozo ndani yake, yakapanda juu.

Asubuhi ziwa lilikuwa jeupe.

Matumbo ya ngege. Kutoka ukingoni mpaka jicho linapochoka, wamelala ubavu, wengine wangali hai wametoa midomo juu ya maji, wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga, bila sauti. Ndege korongo walikuwa wameshashiba, wamesimama tu. Wanaume walifika wakasimama na ndoo zao mikononi, na hakuna aliyeinama kuokota.

Mwenyekiti wa mwalo, Yosamu, mwenye mitumbwi mitano na suruali moja ya kazi, alichukua ngege mmoja, akamnusa, akamtupa.

"Hii ni sumu," akasema. "Tumekwisha. Askari wakikuta hii, hakuna mtumbwi hata moja itabaki."

"Nani ameweka?" mtu akauliza.

Nabukenya alikuwa amesimama nyuma na birika baridi mkononi. Alisema kama mtu anayewaza kwa sauti, hakuwa na nia ya kumuua mtu.

"Jana Ketura amemwaga kitu. Kitu ya kijivu."

Basi. Neno likishatoka halina kamba ya kulivutia.

Ketura alikuwa anapuliza moto wa tanuri alipovamiwa. Wa kwanza alimshika nywele. Ketura hakuuliza kuna nini. Aligeuka na rungu, na yule mtu akaanguka ametema meno mawili. Wa pili alikula rungu la goti. Wa tatu alikuja na kasia. Kasia lilishuka juu ya mkono wake wa kulia, likalia kama kuni inavyolia, na rungu likaanguka. Baada ya hapo walimpiga wote. Wanaume wanane kwa mwanamke mmoja, na bado wawili kati yao walijificha nyuma ya wenzao. Wakamburuta kwa kitenge mpaka ukingoni, kitenge kikabaki njiani, akafika na gauni la ndani na damu.

Mtu alileta petroli ya injini ya mtumbwi. Walimmwagia kichwani. Ilimwingia machoni, ilimwingia kwenye vidonda, akapiga kelele ambayo hata Erisa alipokatwa hakuipiga. Yosamu ndiye aliyeshika galoni, na nusu ya petroli akajimwagia mwenyewe kwenye suruali. Hasira haina shabaha.

"Sema nani amekutuma!"

"Ni majivu! Majivu ya tanuri! Kila siku namwaga, mutoto wako mwenyewe anaoga hapo!"

"Sema!"

"Angalia mamba yangu!" akalia Ketura. "Iko kwenye maji hiyo hiyo. Kama ni sumu, vuta kamba uone!"

Wakavuta kamba. Mamba watatu walitoka wakijipinda, wanene, wenye afya, mmoja akang'ata buti la mpira la mtu akakataa kuliachia. Ketura alifikiri amepona.

Halafu mtu mmoja nyuma akasema, "Ya kwake ndiyo iko hai. Yetu yote imekufa. Mnaona? Amekinga ya kwake!"

Ndivyo watu walivyo. Kile alichowapa kujiokoa, wakakifanya kitanzi. Yosamu alinyanyua panga akamkata mamba mmoja katikati, na vile vipande viwili vikaendelea kujipinda kila kimoja upande wake.

"Banange!" Nabukenya akapiga ukelele wa kwao. "Wacha! Wacha!"

"Kiberiti!" akaita Yosamu.

Kiberiti cha kwanza kilikuwa kimelowa kwa mvua ya jana. Cha pili pia. Vijiti vilivunjika vichwa kimoja kimoja, na kila kijiti Ketura alifumba macho.

"Nabukenya, leta yako ya chai!"

Nabukenya alitoa kiberiti kwenye mfuko wa aproni, kikavu kabisa, akakitazama, akafungua mfuniko wa birika, akakidumbukiza ndani.

"Iko kwa birika," akasema. "Kuja uchukue."

Mtu mmoja akamtukana. Mwingine akatumwa kukimbia dukani, juu barabarani. Wakamwona anapanda kilima kwa mbio. Kwenda na kurudi, kwa miguu ya mtu mwenye haraka ya kuchoma mtu, si muda mrefu. Huo ndio muda ambao Ketura alikuwa amebakiwa nao duniani, naye aliujua.

Akajifuta petroli machoni kwa mkono mzima. Kichwa chake kilikuwa kinazunguka, lakini mikono inakumbuka kazi hata kichwa kikikataa. Wanawake wa mwalo wanaowauzia mahoteli ngege hai wanajua jambo moja: maji ya beseni yakichafuka matope, ngege anaanza kutoa mdomo juu. Hujamwekea kitu. Pumzi ndiyo imeisha ndani ya maji. Unapiga maji kwa kiganja, unayarusha, unayainua na kikombe na kuyamwaga kutoka juu, mpaka yanatoa povu, na ngege anarudi. Erisa alipokuwa hai, Ketura aliifanya kazi hiyo mwaka mzima, kabla hajajua kuchinja mamba.

"Nipe beseni," akasema.

"Ya nini?"

"Beseni! Unaogopa beseni, Yosamu, na uko na panga?"

Nabukenya alileta lile la kuoshea vikombe.

"Chota maji wewe mwenyewe," Ketura akamwambia Yosamu. "Hapo pale ambapo nimemwaga. Usije sema nimeroga. Na samaki uchague wewe. Ile imebakiza roho kidogo."

Yosamu alichota. Alichota kwa sababu watu walikuwa wanamwangalia, na mwenyekiti hapendi kuonekana anaogopa beseni. Akamtupia ndani ngege aliyekuwa amelala ubavu, mdomo unafunguka na kufungika.

"Kama ni sumu," Ketura akasema, "itakufa ndani ya sumu. Kama mamba yangu iko hai, ni kwa sababu mamba inapumua juu, kama wewe. Ngege inapumua chini. Na chini hakuna pumzi. Ile mvua imemaliza."

Akapiga maji. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika, kwa hiyo alipiga kwa wa kushoto, wa vidole vitatu na nusu. Maji yaliruka yakiwa na damu na petroli. Alipiga, akapiga. Ngege hakujigeuza.

Yule mkimbiaji alionekana juu kilimani. Ameshatoka dukani.

"Imekufa hiyo," mtu akasema. "Anapoteza wakati."

"Bado inafungua mdomo."

"Hata wewe ukifa utafungua mdomo, ulivyo na maneno."

Ketura alipiga mpaka bega likagoma. Mkono ulishuka kwenye beseni, ukabaki humo, na uso wake ukafuata ukalala kwenye ukingo wa beseni. Hakuna mtu aliyesogea. Mkimbiaji alikuwa amefika chini ya kilima, unasikia viatu vyake kwenye matope.

Nabukenya alipiga magoti. Alikunja mikono ya gauni lake safi la Ijumaa, akautoa mkono wa Ketura taratibu akauweka pembeni, akaanza kupiga maji. Alichukua kikombe chake cha chai, akachota, akainua juu, akamwaga. Akachota, akainua, akamwaga.

"Mimi nimesema kitu ya kijivu," alikuwa akisema huku akimwaga, hamtazami mtu. "Sikusema sumu. Nimesema kitu ya kijivu. Nyinyi mumesema sumu."

Ngege akatingisha mkia.

Kidogo tu. Kisha akajiviringisha, tumbo likaenda chini mahali linapotakiwa kuwa, mapezi yakasimama. Akaogelea mzunguko mmoja ndani ya beseni la kuoshea vikombe, akagonga ukingo, akaogelea mwingine. Yosamu aliinama amguse, ngege akampiga mkia akamlowesha uso.

"Leta ingine," mvuvi mmoja akasema. Wakaleta. Nabukenya akapiga maji. Wa pili alikuwa amechelewa, akafa. Wa tatu akarudi. Yule mwenye meno yaliyotemwa ndiye aliyewaleta, anavuja damu kidevuni, anachagua wale wenye uhai kama mtu anayechagua vitunguu.

Mkimbiaji akafika. "Hii hapa!" akasema, anahema, amenyoosha kiberiti. Yosamu alikipokea kwa sababu mkono ulikuwa umenyooshwa kwake.

Ketura akanyanyuka. Ilimchukua muda. Akaenda mpaka kwa Yosamu, akamtoa kiberiti mkononi bila kumvuta, kama unavyomtoa mtoto kisu. Kwa vidole vitatu na nusu akafungua, akatoa njiti moja, akaibana kati ya meno, na kwa mkono uleule akashika ganda.

Hapo ndipo Yosamu alipoisikia suruali yake. Petroli ilikuwa imeshuka mpaka kwenye viatu.

"Ketura," akasema. "Dada yangu."

"Sasa mimi ni dada?"

"Wewe pia umelowa! Tutachomeka wote!"

"Mimi nimeshaungua tangu saa moja. Kwangu hii itakuwa ya pili."

Yosamu alirudi nyuma hatua moja, mbili, akaingia ziwani. Akaendelea kurudi, samaki waliokufa wakimpisha na kujifunga nyuma yake, mpaka maji yakafika kifuani. Mwenyekiti wa mwalo, amesimama katikati ya ngege waliokufa, mikono juu. Wenzake wote walimwona. Hakuna aliyecheka, ila ndiyo siku aliyoacha kuwa mwenyekiti, hata kama uchaguzi ulifanyika baadaye.

Ketura alimtazama mpaka akaridhika. Akatema njiti. Akatupa kiberiti majini.

"Kaa humo mpaka nioge," akasema.

Na alikaa.

Askari wa ziwa walifika mchana. Kiongozi wao alishuka na kiboko cha mpira mkononi. "Wote kaa chini! Nani ameweka sumu?" Watu wote wa mwalo, kwa sauti moja, wakamwonyesha mabeseni. Yalikuwa zaidi ya ishirini sasa, kila nyumba imeleta lake, wanawake wamepiga magoti wanapiga maji kama watu wanaofua nguo za harusi. "Hakuna sumu, afande. Ni upepo." Afande alitazama, akamchapa mtu mmoja ili safari isiwe bure, akaondoka.

Ketura alikwenda Bwera Ijumaa ile ile, mkono umefungwa kwa kitenge na vipande viwili vya kasia lililomvunja. Alikuwa na mamba wawili, wabichi, hawakupata moshi. Siraj aliposhusha kioo cha pikapu akakosa mzaha.

"Nani amekufanya hivi, Mama?"

"Pakia mamba."

"Beko wawili tu? Umesema watatu."

"Wa tatu ana mazishi."

Ilikuwa kweli. Nabukenya alikuwa amevikusanya vile vipande viwili mchangani, akasimama navyo kwenye mfuko wa unga, hajui aombe namna gani kitu ambacho ni bidhaa ya mtu. Ketura akamwambia chukua. Akachimba shimo nyuma ya kibanda cha chai, akamzika ndugu yake.

Jioni hiyo yule ngege wa kwanza alikuwa bado anaogelea kwenye beseni la vikombe. Kumrudisha ziwani ilikuwa kumuua; ziwa lilikuwa bado halina pumzi. Kumpigia maji usiku kucha, nani ataamka? Ketura aliokota rungu kwa mkono wa kushoto, akampiga mara moja tu, vizuri, na Nabukenya akamkaanga. Wakamla na bundu, ugali wa muhogo, wameketi kwenye benchi moja.

Beseni la majivu lilikuwa limejaa tangu mchana, kwa wale mamba wawili. Ketura alipomaliza kula alilibeba kwa kiuno na mkono mmoja mpaka kwenye mti wake. Wavuvi walikuwa wamekaa kwenye mitumbwi, wakamwona anakuja. Alisimama, akawatazama mmoja mmoja, akamwaga.

Hakuna aliyeuliza ni kitu gani.